Kufunga mfumo wa gesi kwenye gari la petroli Dar es Salaam: hesabu, vifaa, kazi yenyewe na hitilafu zake

Gesi asilia inayojazwa kwenye magari ya Dar es Salaam ni ileile inayoendesha mitambo ya umeme ya Ubungo na Kinyerezi. Inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, inasafiri kwa bomba, kisha kituoni inashindiliwa ili iingie kwenye mtungi wa gari kwa presha ya bar 200. TPDC, shirika la umma la petroli na gesi, na kampuni binafsi wanaendelea kuongeza vituo, lakini kazi yao inaishia kwenye pua ya pampu. Kuanzia hapo kila kitu ni chako: mtungi, bomba, regyuleta (kifaa cha kushusha presha ya gesi), kompyuta, na hasara ya fundi aliyelipua kazi.

Maelezo haya ni ya gari dogo la petroli lenye injekta (vinyunyizio vya mafuta), la aina ya IST, Vitz, Corolla au Noah. Gari la dizeli lina mfumo wake tofauti na halimo humu. Bajaji zinazokuja na gesi tangu kiwandani nazo zina vitabu vyake.

Anza na kilomita

Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni mfumo bei gani. Lingetakiwa liwe la pili. La kwanza ni gari linatembea kilomita ngapi kwa siku.

Tuchukue IST ya taksi za mtandaoni inayotembea kilomita 150 kwa siku na kula lita moja kwa kilomita 13 kwenye foleni za mjini. Hiyo ni lita 11.5. Petroli ikiwa Sh 2,900, mafuta ya siku ni kama Sh 33,500. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu lita moja na nusu ya petroli, ila injini iliyoundwa kwa petroli haiitumii yote vizuri, kwa hiyo weka kilomita 18 kwa kilo. Utahitaji kilo 8.3. Kwa Sh 1,550 kwa kilo, ni kama Sh 12,900. Ongeza nusu lita ya petroli ya kuwashia gari likiwa la baridi, Sh 1,450. Unabaki na akiba ya Sh 19,000 hivi kwa siku. Mfumo wa Sh 2,000,000 unajilipa kwa siku 105 za kazi, yaani miezi minne ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi.

Sasa mtu wa kutoka nyumbani kwenda ofisini na kurudi, kilomita 30. Akiba yake haifiki hata Sh 4,000 kwa siku, na kipande kikubwa cha safari yake fupi kinaishia kwenye petroli kwa sababu mfumo haubadili kwenda gesi mpaka injini ipate moto. Fedha yake itarudi baada ya miaka miwili hadi mitatu, na hapo hatujahesabu saa za foleni ya kituoni. Ushauri wetu hauna kona: chini ya kilomita 40 kwa siku, achana nayo. Tia bei za sasa kwenye hesabu hiyo kabla ya kulipa. Bei kikomo za mafuta EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huzitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.

Gari lipi lifungwe, lipi liachwe

Gesi haiponyi injini mbovu. Inaianika. Methane inahitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli, kwa hiyo koili iliyochoka ambayo ilikuwa inavumilika kwenye petroli itaanza kumisi siku ya kwanza ya gesi. Kabla ya kufunga, fundi apime kompresheni (nguvu ya kushindilia) ya kila silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, tengeneza injini kwanza. Asome pia kompyuta ya gari. Taa ya injini ikiwa inawaka, ifutwe kwa kutibu chanzo, si kwa kuchomoa betri.

Angalia mfumo wa kupoza injini kwa makini kuliko kitu kingine. Gesi ikishuka kutoka bar 200 hadi bar 2 ndani ya regyuleta inapoa kupita kiasi, na kinachoizuia isigande ni maji ya moto ya rejeta yanayozungushwa humo. Gari linalopungukiwa maji kila wiki litagandisha regyuleta hata kwenye jua la Mbagala saa nane mchana. Maji matupu ya bomba nayo yanakula aluminiamu ya regyuleta kwa ndani. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini.

Injini zinazopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Toyota zenye maandishi D-4 kwenye kava, zisifungwe mfumo wa kawaida. Ncha ya injekta zake hukaa ndani ya moto na hupozwa na petroli inayopita. Ukikata petroli zinaungua. Ipo mifumo maalumu inayoacha petroli kidogo iendelee kupita, lakini bei yake ni ya juu na akiba inapungua.

Vifaa: soma namba, usisome stika

Hapa ndipo kuna hatari ya kweli. Gesi ya kupikia nyumbani si gesi hii. Ile ni LPG, inageuka kimiminika kwa presha ndogo, na mtungi wake haukutengenezwa kwa bar 200. Kuna vifaa vya magari ya LPG sokoni vinavyofanana kwa macho na vya gesi asilia. Tofauti iko kwenye mihuri: kifaa cha gesi asilia kina alama ya 110R, cha LPG kina 67R. Regyuleta yenye 67R ikifungwa kwenye mtungi wa bar 200 ni bomu.

Kwenye bega la mtungi tafuta maandishi yaliyogongwa au kuchapwa: ISO 11439 au R110, maneno ya Kiingereza yanayosema ni wa CNG (gesi asilia iliyoshindiliwa) pekee, presha ya kazi 200 bar (au 20 MPa), namba ya mtungi, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Piga picha. Namba hiyo lazima ilingane na ya kwenye cheti utakachopewa. Mtungi uliopakwa rangi mpya juu ya maandishi, ukatae. Mtungi usiojulikana ulikotoka, ukatae pia hata ukiwa nusu bei.

Ukubwa wa mtungi hupimwa kwa lita za maji, lakini wauzaji hutaja kilo, na wengine hutaja kilo za matumaini. Kwa joto la Dar, zidisha lita kwa 0.15: mtungi wa lita 60 unabeba kama kilo 9 ukijazwa polepole, na kilo 8 au pungufu ukijazwa haraka, kwa sababu gesi inapata moto wakati wa kuingia na presha inafika 200 kabla mtungi haujashiba. Mtungi wa chuma una uzito wa karibu kilo moja kwa kila lita. Lita 60 ni sawa na kuweka mtu mzima mwembamba kwenye buti daima, kwa hiyo springi za nyuma zilizochoka zibadilishwe mapema.

Kuhusu karakana: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, inafunga mifumo hii na kufundisha mafundi, na zipo karakana binafsi zinazofanya kazi nzuri. Popote uendapo, omba vitu vitatu kwa maandishi: cheti cha mtungi, orodha ya vifaa na namba zake, na dhamana inayosema wazi inahusu nini. Fundi anayesema karatasi utazipata baadaye, mwache hapohapo.

Kazi yenyewe, na mahali pa kusimama ukiangalia

Kufunga gari moja ni kazi ya siku nzima. Ukiahidiwa saa mbili, kuna kitu kitarukwa. Huhitaji kuwa fundi kuikagua kazi. Unahitaji kujua sehemu tano.

Ya kwanza ni kitanda cha mtungi. Kwenye ajali ya uso kwa uso mtungi unataka kuendelea mbele, na kanuni ya R110 inataka kwa gari dogo ushikwe kiasi cha kuhimili mara 20 ya uzito wake kuelekea mbele. Kwa mtungi wa kilo 60 wenye gesi ndani hiyo ni karibu tani moja na nusu. Bati la sakafu ya buti peke yake halitoshi. Boliti zishike kwenye chesi, au zipite kwenye bati zikiwa na sahani nene za chuma upande wa chini. Mikanda iwe miwili ya chuma, na kati ya mkanda na mtungi kuwe na raba, chuma kisisuguane na chuma. Valvu ya mtungi ielekee upande ambao mkono wako unafika bila kutoa mizigo yote, maana siku ya dharura hiyo ndiyo utakayoifunga. Mtungi ukiwa ndani ya gari, valvu ivalishwe mfuko wake wa kuzuia gesi wenye mipira inayotokea nje chini ya sakafu.

Ya pili ni bomba la presha kubwa, la chuma, milimita 6 kwa kawaida, linalopita chini ya gari kutoka nyuma hadi kwenye boneti. Lisiunganishwe njiani. Likae mbali na ekzosi, lishikwe kwa klipu kila baada ya nusu mita hivi, na karibu na mtungi na regyuleta lipindwe mzunguko mmoja kama springi ili mtikisiko usilikate. Bomba lililonyooka kama rula linapasukia kwenye nati.

Ya tatu ni regyuleta. Ifungwe kwenye bodi ya gari, isifungwe kwenye injini inayotetemeka, na iwe chini kidogo ya usawa wa juu wa rejeta ili hewa isijikusanye ndani yake. Mipira ya maji iunganishwe na ile ya hita. Baada ya hapo mfumo utolewe hewa, injini ikinguruma hadi feni iwake. Wasipotoa hewa, gari litarudi kesho likiwa limechemsha.

Ya nne, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote, ni matundu ya kuingizia gesi kwenye manifoldi, yaani njia ya kupitishia hewa kwenda kwenye silinda. Manifoldi itolewe kwenye injini ndipo itobolewe. Fundi anayetoboa ikiwa imefungwa anaangusha vumbi la plastiki au chuma mdomoni mwa valvu, na vumbi hilo litakwangua silinda. Matundu yawe karibu na valvu iwezekanavyo, yote kwa umbali na mwelekeo uleule, na mipira kutoka kwenye injekta za gesi iwe na urefu sawa, isizidi sentimita 20. Mpira mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, silinda moja inapata gesi ikiwa imechelewa, na hakuna kompyuta itakayolitibu hilo.

Ya tano ni waya. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, waya zilizosokotwa na kufungwa selotepu zinaota kutu ya kijani ndani ya miezi. Dai soketi za mfumo zinazochomekwa kwenye injekta za petroli bila kukata waya, na pale panapolazimu kukata, waya ziunganishwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa.

Kisha kipimo cha uvujaji. Gesi iingizwe kidogo kwanza, kila kiungo kipakwe maji ya sabuni, kisha presha ipandishwe na kazi irudiwe. Usiridhike kwa kunusa tu. Simama hapo uangalie povu. Na uvujaji una hesabu nyingine zaidi ya usalama: kilo moja ya gesi ikiungua inatoa kama kilo 2.75 za kaboni dayoksaidi, wakati petroli ya safari hiyohiyo ingetoa karibu 3.2. Nafuu yote ni kilo 0.45. Methane isiyoungua inapasha anga mara 28 hivi zaidi ya kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100, kwa hiyo gramu 16 hivi zikivuja katika kila kilo, kuanzia kisimani hadi kwenye injini, nafuu imekwisha. Kampuni zina wajibu wa kuziba upande wao wa bomba. Upande wako ni nati zako.

Kurekebisha kwa kompyuta

Gari likiwaka kwa gesi mafundi wengi wanaona kazi imeisha. Bado. Fundi aunganishe kompyuta mpakato, afanye urekebishaji wa awali gari likiwa limesimama, kisha mtoke barabarani. Kwenye skrini kuna muda wa injekta za petroli, ambao kwa injini ndogo ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) huwa milisekunde 2.5 hadi 4. Mwambie abadili kutoka petroli kwenda gesi ukiangalia namba hiyo. Ikibaki palepale au karibu, gesi inapimwa sawa. Ikiruka juu, mchanganyiko ni mkavu, yaani gesi ni kidogo kuliko hewa inavyotaka, na valvu zako zitaungua. Ikishuka sana, unachoma gesi bure. Arudie gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60, na mara moja likipanda mlima lenye mzigo. Masahihisho ya mafuta kwenye kompyuta ya gari yasizidi asilimia 10 kwenda upande wowote.

Mfumo uwekwe ubadili kwenda gesi maji yakifika nyuzi 35 hadi 40. Wapo madereva wanaoomba ibadili mapema ili kubana petroli, na fundi anakubali kumridhisha mteja. Utando wa mpira ndani ya regyuleta ndio unaolipia.

Plagi ziwe mpya, mwanya upunguzwe kutoka milimita 1.1 hadi 0.8 hivi. Za iridiamu usizigonge kupunguza mwanya, ncha yake inavunjika. Nunua zenye mwanya unaofaa. Nguvu ya gari itapungua asilimia 10 na zaidi kidogo. Hiyo ni kawaida, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda. Utaisikia ukipanda mlima na AC imewashwa, mjini hutaisikia sana.

Kituoni

Zima injini, abiria wote washuke, simu zibaki mbali. Kabla mhudumu hajachomeka pua, angalia kiraba cha duara kwenye mdomo wa valvu ya kujazia. Kikichanika, gesi itapiga kelele na kujaza kutasimama. Weka viwili vya akiba kwenye gari. Pampu ikatike yenyewe kwenye 200, na usibembeleze kuongezewa. Stakabadhi isome kilo, na kilo hizo uzilinganishe na kilomita kila unapojaza. Ulaji ukipanda ghafla huku foleni ni zilezile, anza kwa maji ya sabuni.

Kituo mama kilichounganishwa na bomba, kama kile cha TPDC cha Barabara ya Sam Nujoma, kinashindilia gesi muda wote. Vituo vinavyoletewa gesi na malori hupoteza presha lori likikaribia kuisha, na hapo unaweza kupanga foleni saa nzima ukaondoka na nusu mtungi. Waulize waliotangulia mita yao imeishia ngapi kabla ya kuingia kwenye mstari. Alfajiri ni bora mara mbili: foleni fupi na mtungi wa baridi unaobeba zaidi. Nje ya Dar es Salaam na Pwani vituo ni vichache, kwa hiyo safari ya mkoani ipangie petroli.

Gari likianza visa

Likishtuka wakati wa kubadili kwenda gesi, tazama chujio na presha ya regyuleta. Likimisi ukikanyaga mafuta lakini silensa iko sawa, ni plagi au koili, mara chache injekta ya gesi. Regyuleta ikitoa ukungu au barafu, maji hayafiki humo: yamepungua, kuna hewa, au mpira umejikunja. Taa ya injini ikiwaka kwenye gesi tu, rudisha gari likarekebishwe. Taa ikiwaka hata kwenye petroli, kosa ni la gari lenyewe.

Kosa la kwetu sote ni kuacha tanki la petroli likauke. Kwenye magari mengi pampu ya petroli inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi, na inapozwa na petroli iliyoizunguka. Robo tanki ibaki daima, na mara moja kwa wiki endesha kilomita 10 hivi kwa petroli ili injekta zisigande.

Chujio la gesi la presha ndogo libadilishwe kila kilomita 10,000 hadi 15,000. Kila kilomita 30,000 pimisha mwanya wa valvu. Injini ya 1NZ, iliyomo kwenye IST za 1.5, haina kifaa cha kujirekebisha chenyewe. Ikiwa ya baridi inataka milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa. Gesi ni kavu na valvu huzama taratibu kwenye vikalio vyake, mwanya unaziba bila kelele yoyote, mpaka asubuhi moja gari linawaka vizuri na likipata moto linakosa nguvu. Ukifika hapo unazungumzia kufungua hedi.

Mtungi ukaguliwe angalau kila miaka 4, na mara moja baada ya ajali au moto wowote. Kuna kizibo cha usalama kinachoyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi na kuachia gesi kabla mtungi haujapasuka. Kwa hiyo kabla ya kuchomelea bodi au kuingiza gari kwenye tanuri la rangi, mtungi utolewe. Gereji za rangi hazitakukumbusha. Gari likilala kwenye banda lililofungwa, acha tundu juu karibu na paa, maana methane ni nyepesi kuliko hewa na hujikusanya huko. Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kwamba gari limefungwa gesi.

Ukiuza gari na kutaka kuhamisha mfumo, mtungi wenye cheti na tarehe nzuri unahama, kompyuta na injekta pia zikiwa zinafaa kwa idadi ya silinda. Bomba la presha, mipira na klipu nunua vipya, na regyuleta ifanyiwe sevisi ya raba zake kabla haijafungwa upya.